Kabla ya Mlimani City kulikuwa na Mlimani Park

Haya wapendwa, nimerudi. Wiki tatu kimya, najua. Hapa kampasi mambo yamebana kila upande: majaribio mawili, asaimenti ya kikundi ambayo kikundi chenyewe ni mimi na dada mmoja tu (wengine huonekana siku ya kuandika majina), na bumu mpaka naandika hivi bado halijaingia. Lakini deni ni deni. Niliahidi kuandika habari za ule usiku wa Magomeni, na leo nalipa. Ila mimi ni mtu wa historia jamani, siwezi kuingia ukumbini moja kwa moja, lazima tuzunguke kwanza. Vumilieni.

Tuanze na hili neno Mlimani. Mwulize mwanafunzi yeyote wa hapa, atakwambia Mlimani ni Chuo, au ni Mlimani City: maduka, sinema, kiyoyozi, chipsi za bei ya kuumiza. Yale maduka yalifunguliwa mwaka 2006, wengi wetu tukiwa bado tunafungwa kamba za viatu na mama, kwa hiyo tunaona kama yalikuwepo tangu dunia iumbwe. Sasa kamwulize mtu aliyekuwa kijana hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1970. Atacheka kwanza. Kisha atakwambia: Mlimani Park. Ilikuwa baa. Mwaka 1978 ikapata bendi, bendi ikachukua jina la baa, ikawa Mlimani Park Orchestra. Jina hilo lilikuja kujulikana Tanzania nzima, Kenya, mpaka ng'ambo. Sisi tunapita na daladala kwenda Mwenge hatuna habari.

Walioianzisha hawakuwa watu wa kujifunza kazi. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka Juwata Jazz, bendi aliyokuwa nayo tangu ikiitwa NUTA Jazz mwaka 1964. Hassan Rehani Bitchuka, yule mwenye sauti nyembamba ya juu, naye akatoka hukohuko. Abel Balthazar na gitaa lake alitoka Dar International. Alikuwapo Michael Enoch, King Enoch, aliyepitia Dar es Salaam Jazz, fundi wa vyombo vingi na wa kupanga muziki. Cosmas Chidumule akaimba. Ukiwaweka watu wa namna hiyo kwenye jukwaa moja, unaweza kuelewa kwa nini baa ilijaa.

Mwajiri wao wa kwanza alikuwa TTTS, kampuni ya usafiri na teksi. Mwaka 1983 wakachukuliwa na DDC, lile Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam lenye kumbi zake, na ndo maana wengi wanaikumbuka kama DDC Mlimani Park.

Neno "mwajiri" nimeliandika makusudi. Kizazi chetu tunajua msanii ana meneja, ana chaneli, ana madeni. Enzi zile mwanamuziki wa dansi mara nyingi alikuwa mfanyakazi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, hapo chini tu ukishuka Ubungo, kilikuwa na Urafiki Jazz. Mabasi ya UDA yalikuwa na UDA Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Polisi, Magereza, jeshi, wote walikuwa na bendi zao. Vyombo vilinunuliwa na shirika, na gitaa lilikuwa la shirika kama vile mashine ya chapa ilivyo ya ofisi. Mpigaji akihama anaacha gitaa, anaacha jina la bendi, anaondoka na vidole vyake tu.

Na walihama bwana, si mchezo. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alichomoa wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo, Gurumo na Balthazar wakiwamo, akaanza nao upya na mtindo wa Ndekule. Mjomba wangu (nitamleta baadaye, ndiye mhusika mkuu) anasimulia tukio hilo kama wengine wanavyosimulia Simba kuuziwa mchezaji wa Yanga. Watu walinuna. Mlimani Park ikabidi ijipange tena, na ikajipanga.

Sasa ndo nafika kwenye jambo linaloninyima usingizi.

Bendi hii ilizaliwa wakati mbaya sana kwa mtu anayetaka kuacha kumbukumbu. Hapo zamani bendi za Tanzania zilikuwa zinakwenda Nairobi kurekodi santuri, kwa sababu kampuni na mitambo ilikuwa kule. Hapa nchini hakukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri kilichofanya kazi. Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka 1977, na Februari mwaka huohuo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Sisemi hakuna aliyevuka. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, mpaka ukiwa bado umefungwa, kwa hiyo njia zilikuwapo kwa mwenye kuzijua. Lakini kwa bendi ya mshahara, yenye vyombo vya shirika, Nairobi ilikuwa mbali kuliko Ulaya. Hapohapo Oktoba 1978 vita ya Kagera ikaanza, na baada ya vita ikaja ile miaka ya foleni: sabuni foleni, sukari foleni, sembuse nyuzi za gitaa.

Televisheni? Bara hatukuwa nayo. Zanzibar walianza miaka ya 1970, na ya rangi, wakatupita kabisa. Huku Bara tumepata vituo vya televisheni mwaka 1994. Yaani miaka yote ile ambayo Sikinde na Msondo walikuwa wanagombea jiji, hapakuwa na kamera ya televisheni ya Bara iliyosimama mbele ya jukwaa lao. Leo mtoto wa darasa la tano ana video nyingi za Diamond kuliko tulizonazo zote za Gurumo akiwa kijana.

Kilichobaki ni redio. Bendi ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu (sasa Barabara ya Nyerere), ikapanga vyombo, ikapiga, fundi mitambo akanasa kwenye kanda. Kanda zile ndizo zilizotufikia. Ndizo zilizovuka hadi Nairobi zikawa santuri na kaseti, na ndizo zilizowafikia hata Wamarekani, kampuni ya Africassette ilipotoa CD iitwayo Sikinde miaka ya 1990. Kwa hiyo unaposema "naujua muziki wa Sikinde", kama wewe ni wa umri wangu, unachojua ni ile saa chache waliyokaa kwenye chumba kisicho na mchezaji hata mmoja.

Nilikuwa sijui kama hilo ni tatizo mpaka nilipokwenda Magomeni.

Ilikuwa Machi 2023, mimi mwaka wa kwanza, Jumamosi. Mjomba alinipigia simu, akasema ana safari ya kwenda kusikiliza "muziki wa watu wazima" na hataki kurudi peke yake usiku kwa sababu ya goti. Mjomba ni fundi cherehani, Kigogo. Ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, kama ilivyo desturi, na ukitusikia kwenye simu hujui nani mkubwa. Wenzangu wa chumbani nikawaambia naenda kwenye dansi, mmoja akanielewa vibaya akaniuliza, "Umedisko?" Hapa Chuo neno hilo lina msiba wake, wanaojua wanajua.

Ukumbi wenyewe usifikirie mambo makubwa. Ni uani kwa baa, nyuma ya duka la vifaa vya umeme: bati juu, feni mbili, moja inazunguka, viti vya plastiki, sakafu ya saruji iliyosuguliwa na miguu mpaka inateleza. Tulikuwa kama watu sitini. Kiingilio shilingi 5,000. Bendi sitaitaja, ni wazee na vijana wachache wanaopiga vibao vya zamani mwisho wa wiki ili wapate nauli na mboga. Mpiga solo alikuwa amekaa kwenye kiti. Kulikuwa na saksafoni moja tu mahali ambapo kwenye kanda za zamani unasikia kundi zima la wapuliza. Spika moja ilikuwa inakwaruza kama mtu mwenye kikohozi. Nikasema moyoni, leo nimepatikana.

Nilikaa na soda yangu. Mjomba akaagiza bia moja, akaiweka mezani, hakuigusa karibu nusu saa. Alikuwa amevaa shati aliloshona mwenyewe, kola kubwa ya mtindo wa zamani, na alikuwa anasalimiana na watu kwa vichwa tu kama watu msikitini. Akina mama walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Mmoja, nakadiria miaka sabini hivi, alikuwa amekaa karibu kabisa na jukwaa, mkoba mapajani.

Bendi ikapiga mbili tatu, za kupasha misuli. Halafu wakaingia kwenye "Neema".

Nilikuwa naujua. Nimeukuta kwenye simu, nimeusikia kwenye daladala, nimeusikia kwenye redio ya mama tangu mdogo. Ni wa Chidumule, yule ambaye baadaye alihamia nyimbo za injili. Mwimbaji wa usiku ule alikuwa mwingine, mnene, mwenye leso begani, na aliuimba vizuri tu, kwa adabu, beti moja baada ya nyingine kama ninavyoujua. Nikawa naimba kimoyomoyo. Beti zikaisha. Muziki ukabadilika, ukaanza kuchanganya, ile sehemu ambayo wenyewe wanaiita chemko. Kwenye kanda, chemko likishakolea huwa hauna muda mrefu, unajua sasa wimbo unakwisha, unatafuta unaofuata.

Haukuisha.

Solo alishika kipande kifupi, noti chache tu, akakirudia. Akakirudia tena. Solo wa pili akawa anamjibu kwa chini, na ridhim katikati yao anakata kama anachanja kuni. Besi akapunguza maneno. Mwimbaji akaacha maikrofoni akashuka kucheza. Mimi nikadhani wamekwama, kumbe ndo kwanza wameanza. Watu waliokuwa wamekaa wakasimama mmoja mmoja bila haraka. Hawakurukaruka. Walikuwa wanacheza kwa kuburuza miguu, mabega yametulia, kila mtu na nafasi yake, na ule mchakato wa soli kwenye saruji ukawa kama chombo kingine. Nikasikia mpiga tumba anafuata miguu. Sitanii. Kundi la kushoto likibadilisha mwendo, yeye anabadilisha, na sekunde chache baadaye gitaa nalo limebadilika.

Mara kiongozi wa bendi akainua mkono, dalili ya kufunga. Yule mama wa mkoba akainuka, akatembea taratibu mpaka kwa mpiga solo, akambandika noti kwenye paji la uso. Noti ikakaa kwa jasho. Mpiga solo hakumtazama, akarudi kwenye kile kipande cha mwanzo kabisa, noti zilezile chache, ila sasa amezigeuza kidogo mwishoni. Ukumbi ukapiga kelele moja. Kiongozi akashusha mkono. Jambo hilo lilitokea mara tatu, kila mtunzaji na kipande chake. Mwenye chemko alikuwa nani pale? Mpigaji? Mama wa mkoba? Bado nauliza.

Nilitazama simu. Wimbo ulianza saa nne na dakika nane usiku. Ulikwisha saa nne na nusu na moja. Dakika ishirini na tatu! Wimbo ambao kwenye simu yangu unakwisha kabla sijafika Ubungo.

Mjomba alirudi mezani anahema, goti limesahaulika, ndipo akanywa bia yake. Akaniinamia sikioni, akasema, "Unaona pale beti zilipoisha? Redio pale ndo walikuwa wanafunga mlango. Sisi pale ndo tulikuwa tunaingia."

Hiyo kauli nimeibeba miaka yote ya hapa Chuo.

Tukiwa kwenye bajaji nikamkaba kwa maswali. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa Mlimani Park ilipoanza. Alikuwa fundi mwanafunzi, na mshahara wa wiki ulikuwa unakwenda sehemu mbili, kwa mama yake na mlangoni kwa bendi. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa bugi, yale madansi ya mchana ya vijana. Aliniambia kwamba wimbo mpya ulikuwa unaletwa ukumbini kwanza, unapigwa wiki kadhaa, wanatazama miguu ya watu. Sehemu isiyochezeka inakatwa, inayochezeka inarefushwa. Ukishaiva ndo unapelekwa redio. Kwa maelezo yake, kanda ya redio ni kama picha ya pasipoti: ni wewe, sawa, lakini siyo siku unayopigiwa picha ndo ulikuwa unaishi.

Sasa msidhani namwamini mjomba kwa kila kitu. Yeye ni mpenzi, na mpenzi ni shahidi wa shida. Anaapa kwamba alicheza Ndekule mwaka ule mpaka wa Kenya ulipofunguliwa. Haiwezekani, maana mpaka ulifunguliwa 1983 na kina Gurumo walihamia kwa Kisima 1985. Nilipomwonyesha akasema vitabu vimekosea. Pia hawezi kabisa kusema neno zuri kuhusu Msondo. Anakiri tu kwamba Gurumo, popote alipokuwa, alikuwa Gurumo. Tarehe za mjomba nazipima mara mbili. Lakini ukimwuliza mguu ulikuwa unakwenda wapi solo alipobadilisha, anasimama palepale kwenye vumbi anakuonyesha, na hapo sijamwona akijichanganya hata mara moja.

Kuna ushahidi mwingine unaomuunga mkono, na uko wazi mbele ya macho yetu: majina. Bendi moja ilikuwa na majina mawili. La kwanza la mwenye mali, NUTA, Juwata, DDC, Bima, Dar International. La pili lilikuwa la mtindo, yaani la namna ya kucheza: Msondo, Sikinde, Magnet Ten, Super Bomboka, Ndekule. Orchestra Maquis walikuwa na Kamanyola, halafu Ogelea Piga Mbizi. Afro 70 ya Patrick Balisidya walikuwa na Afrosa. Sikinde yenyewe ni jina la ngoma ya Wazaramo, na msondo ni ngoma ya asili ya huku Pwani pia. Sasa wapenzi waliitaja bendi kwa lipi? Hakuna aliyesema "naenda kuwaona Dar es Salaam Development Corporation". Walisema naenda Sikinde. Jina lililoshika ni la kile kilichokuwa kinafanyika sakafuni.

Na angalia kilichotokea. Chama cha NUTA kikawa Juwata, bendi ikawa Juwata Jazz. Mwaka 1991 kikaja OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Kila mwenye mali akibadilika, bango linapakwa rangi upya. Mwishoni wenye mali wakaondoka kabisa, na bendi ikabaki na lile jina ambalo hakuna mwajiri aliyekuwa amelitoa: Msondo Ngoma. Mimi nikisoma hivyo naona waliokuwa wanacheza ndo walioshinda kesi, bila hata kwenda mahakamani.

Basi, muhula uliopita nikapeleka wazo hili kwa mwalimu wa mbinu za utafiti. Nikamwambia nataka kuandika utafiti wangu wa mwisho kuhusu chemko: kilichokuwa kinatokea kwenye kumbi ndogo za Dar kati ya 1978 na 1985, baada ya beti kuisha. Akanisikiliza vizuri, akavua miwani, akauliza: "Chanzo chako ni nini? Watu kucheza?" Darasa likacheka. Hakuwa ananikejeli, ni swali halali kabisa. Historia tunayofundishwa inataka karatasi, na karatasi za dansi ni chache. Kanda zipo kwenye maktaba ya redio ya taifa, ambayo sasa ni TBC, lakini kanda ndo hizohizo za chumba kisicho na wachezaji.

Nimejaribu. Nimekaa East Africana pale maktaba kuu nikipekua magazeti ya zamani, vumbi limenipa mafua ya wiki. Matangazo ya dansi yanasaidia: unajua nani anapiga wapi, siku gani, kiingilio kiasi gani, nani kahama. Yanakuambia mlango. Ndani hayakuingizi. Mwandishi wa gazeti alikuwa anaandika mashairi yanasema nini, maana mashairi yana mafunzo na serikali ilipenda mafunzo. Dakika kumi na tano za watu kuburuza miguu kimya kimya aziandike za nini?

Wageni waliokuja na vinasa sauti vyao miaka ya 1980 na baadaye wametusaidia sana, sina ubaya nao. Na nasikia raha kila mtu anapojitokeza kuhamisha zile kanda za redio ziende kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Lakini hata zikihamishwa zote, mpaka ya mwisho, tutakuwa tumeokoa upande mmoja. Upande wa pili uko kwenye magoti ya wazee. Wazee nao wanaondoka. TX Moshi William wa Msondo aliondoka 2006. Remmy Ongala alifariki Desemba 2010, na wengi wanaoshuka kituo cha Sinza kwa Remmy wanadhani ni jina la mwenye duka. Gurumo alituaga Aprili 2014, Shaaban Dede 2017. Hao ni wale wenye majina. Mpiga tumba wa bendi ya kiwanda anakufa Jumanne, anazikwa Jumatano, na hakuna gazeti.

Ndipo nikamjibu mwalimu, siku mbili baadaye, ofisini kwake, maana darasani ulimi ulikuwa umegoma. Nikamwambia chanzo changu ni watu kucheza, ndiyo, ila sitawauliza "zamani ilikuwaje", kwa sababu hapo kila mzee anageuka kuwa hotuba. Nitawapigia kanda ya redio mpaka beti ziishe, niizime, halafu nimwombe mzee aendelee. Aimbe kipande cha gitaa kwa mdomo, apige meza, asimame acheze, chochote kinachokuja. Nikipata wazee wanne wasiofahamiana, waliokuwa ukumbi mmoja, na wote wakaendelea kwa namna inayofanana, hapo nina kitu. Wakitofautiana, nako nina kitu. Akakaa kimya. Akauliza kama nina kinasa sauti cha maana au nategemea simu. Halafu akafungua droo, akaniazima cha kwake.

Mjomba nimemfanyia jaribio la kwanza wiki iliyopita, hapo Kigogo, katikati ya mashine na vipande vya vitambaa. Nikazima kanda. Alicheka kwanza, akasema mimi ni mwendawazimu kama babu yangu. Kisha akaanza kupiga meza kwa kidole cha shaba, kile cha kushonea. Dakika tisa. Mteja akaja kuchukua suruali, akasimama mlangoni, akangoja.

Jumapili hii naenda Temeke kwa mzee mmoja aliyekuwa anapiga tumba kwenye bendi ya shirika, jina lake nalihifadhi mpaka aniruhusu. Mjomba anamjua, walikuwa maadui, yule alikuwa wa upande wa Msondo. Kaniagiza nimfikishie salamu na nisiende mikono mitupu, mzee anapenda kahawa na kashata. Betri nimeshanunua.